Matema au Kitulo mwezi wa saba?

Dada, umeuliza Matema au Kitulo kwa watu wanne wenye bajeti ndogo, Julai hii. Nendeni Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Uzuri wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ni maua, nayo huchanua kati ya Desemba na Aprili. Sasa hivi mtakuta nyasi na baridi kali.

Pandeni Kosta ya Kyela pale stendi ya Nane Nane, Mbeya, asubuhi na mapema, Kyela mtabadilisha gari. Jioni usafiri wa Matema unakuwa wa shida.

Chumba usimpe mtu wa kati akutafutie. Piga simu mwenyewe, sema mko wanne, mnatoka Mbeya, mnalala siku mbili, kisha uliza bei ya mwisho. Mwaka jana tulifanya hivyo tukaenda Jumatano badala ya Jumamosi, tukapunguziwa na chai ya asubuhi ikaingia humo humo. Ndizi nunueni njiani, Tukuyu. Samaki wasubirini ufukweni alfajiri mitumbwi inaporudi, bado wanarukaruka.

Kitulo wekeni Februari. Bebeni makoti na vitambulisho vya NIDA, maana raia kiingilio chake ni kidogo kuliko cha mgeni.