Laktosi ya kwanza huingiaje ndani ya bakteria?

Swali: Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mwanafunzi kutoka Lamu, niko Malindi kwa mafunzo ya vitendo katika maabara ya hospitali. Tukiotesha bakteria E. coli kwenye sahani ya MacConkey, kesho yake koloni zinatoka za waridi kwa kuwa imetumia laktosi, sukari ya maziwa iliyomo. Nimesoma kwamba jeni za laktosi huwa zimezuiwa mpaka laktosi iingie ndani ya seli. Lakini protini inayoiingiza hutokana na mojawapo ya jeni hizohizo! Sasa laktosi ya kwanza hupita wapi? Na kwa nini TSI, ule mrija wa sukari tatu wa kutambulisha bakteria, hutiwa glukosi kidogo sana?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Hilo la kwanza ni swali zuri mno, na wengi hukariri somo hili mpaka mwisho bila kuliona.

Tuanze na jeni zenyewe. Ziko tatu, zimepangwa mfululizo kwenye DNA na husomwa pamoja. Ya kwanza hutoa beta-galaktosidasi, kimeng'enya kinachokata laktosi kuwa glukosi na galaktosi. Ya pili hutoa pemiasi, protini iliyo kwenye utando wa seli, na hiyo ndiyo inayoiingiza laktosi. Ya tatu tuiache, haina kazi kubwa katika habari hii. Mbele ya jeni hizo hukaa protini ya kuzuia, nayo huachia DNA ikishikwa na alolaktosi. Zingatia hapo: kinachoifungua si laktosi yenyewe bali alolaktosi, na anayeigeuza laktosi kuwa alolaktosi ni beta-galaktosidasi hiyohiyo. Kwa hiyo fumbo lako ni zito kuliko ulivyoliuliza. Seli inahitaji pemiasi ili laktosi iingie, tena inahitaji kimeng'enya ili ipatikane alama ya kuwa laktosi imeingia, na vyote viwili viko nyuma ya kizuizi kimoja.

Jibu ni kwamba kizuizi hakizuii kabisa. Jeni hizi zikifunguliwa hutoa takriban mara elfu moja ya zinavyotoa zikiwa zimezuiwa, lakini hata zikiwa zimezuiwa hazitoi sifuri. Kila seli hubaki na molekuli chache za kimeng'enya na chache za pemiasi. Hizo chache ndizo zinazoingiza laktosi ya kwanza na kuigeuza alolaktosi. Alolaktosi huondoa kizuizi, pemiasi huongezeka, laktosi huingia kwa wingi zaidi, na mambo hushika kasi.

Uvujaji huo unatoka wapi? Protini ya kuzuia hushika DNA mahali pawili kwa wakati mmoja na kuikunja kitanzi. Mfikirie baharia wa jahazi aliyeshika demani, kamba ya tanga, kwa mikono miwili. Akiachia mkono mmoja, wa pili bado umeishika, na kamba husogea kidogo tu. Akiachia yote miwili, tanga hupeperuka kabla hajaiwahi tena. Ndivyo ilivyo kwenye seli: kuachia upande mmoja hutoa protini moja moja, na kuachia pande zote, jambo la nadra, hutoa mkupuo mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha hivyo kwa kuhesabu molekuli ndani ya seli moja moja. Mikupuo hiyo hutokea kwa bahati, ndiyo maana laktosi ikiwa haba, seli mbili zenye DNA ileile zaweza kukaa jirani, moja imewaka na nyingine bado. Mimi naliona hili kuwa sehemu bora ya habari yote, na inasikitisha kwamba michoro mingi ya darasani huonyesha kizuizi kama ukuta usiopitisha kitu.

Sasa glukosi. Mwaka 1941 mwanabiolojia Jacques Monod, akiwa Paris, alieleza kwamba E. coli ikipewa sukari mbili hizi pamoja hukua kwa glukosi kwanza, husimama kidogo, kisha hukua tena kwa laktosi. Wakati glukosi inaingia, protini mojawapo ya mfumo unaoiingiza huenda kuikamata pemiasi na kuinyima kazi. Pia msaidizi anayehitajika ili jeni za laktosi zisomwe kwa nguvu hupungua. Ni hesabu ya gharama: beta-galaktosidasi ni minyororo minne, kila mmoja una zaidi ya asidi amino 1,000, na seli haitengenezi kitu kikubwa hivyo kama glukosi ipo tayari.

TSI imetegemea tabia hiyo. Rangi iliyomo huwa njano penye asidi, na nyekundu asidi ikiondoka. Ina glukosi 0.1% tu, laktosi 1% na sukrosi 1%. Glukosi huisha ndani ya saa chache. E. coli huhamia laktosi, asidi huzidi, na mrija wote hubaki njano. Bakteria Salmonella haina cha kuhamia. Kule juu kwenye mteremko, penye hewa, hurudi kula peptoni, yaani vipande vya protini, na rangi hugeuka nyekundu, huku chini pakibaki njano. Ukisoma mapema mno, glukosi bado imefunika kila kitu, kwa hiyo soma kati ya saa 18 na 24. MacConkey haina glukosi, ndiyo maana huko hujaliona tatizo hili.

Utakutana pia na bakteria Shigella sonnei kwenye sampuli za choo za wagonjwa wa kuhara. Kwenye MacConkey hutoka isiyo na rangi siku ya kwanza, ikageuka waridi baadaye. Kimeng'enya inacho, kinachoipungukia ni pemiasi. Kipimo cha ONPG hulibaini hilo, kwani ONPG, kemikali inayokatwa na kimeng'enya hichohicho, huingia bila pemiasi, na ikikatwa maji huwa njano. Lakini koloni ya kupimwa itoke kwenye chakula chenye laktosi, kama mrija wa TSI uliokaa usiku kucha. Ukiichukua kwenye chakula kisicho na laktosi, au kilichojaa glukosi, seli itakuwa na vile vimeng'enya vichache tu vya uvujaji, nawe utaandika hasi kwa bakteria aliye chanya.