Seli hugawanyika au hugawana?

SWALI: Niliandika hivi katika jarida la shule yetu: "Ili kuunda mbegu za kiume, seli hugawana mara mbili na kila mbegu hupata nusu kromosomu." Mhariri akaikata sentensi nzima bila maelezo. Kosa liko wapi?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Makosa ni mawili, na la pili ndilo zito.

"Gawana" hudai washiriki wawili au zaidi na kitu kilicho baina yao: ndugu hugawana shamba, wavuvi wa Dunga hugawana samaki. Seli moja haina wa kugawana naye, hivyo hugawanyika. Lakini usilitupe neno lako. Seli mbili zinazotokea ndizo hugawana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, na hapo linakaa barabara.

Angalia pia "badilishana". Kabla ya meiosisi, yaani huo mgawanyiko wa mara mbili unaounda mbegu za kiume na mayai, DNA (kemikali inayobeba jeni) hurudufishwa mara moja, kila kromosomu ikawa na kromatidi mbili, yaani nakala mbili zilizoshikana mahali paitwapo sentromea. Kisha kromosomu iliyotoka kwa mama hulala sambamba na mwenzake wa baba, na kromatidi zao hubadilishana vipande. Wengi huandika kwamba kromosomu "hubadilika", msomaji akadhani jeni zimegeuka. Kumbe jeni ni zilezile, ila zimepangwa upya.

Sasa "nusu". "Nusu kromosomu" ni kipande cha kromosomu moja, kama nusu mkate. Ungesema "nusu ya idadi ya kromosomu", ingawa hata hiyo haitoshi, maana si nusu yoyote tu. Mwanadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23. Mbegu yenye 23 zilizookotwa ovyo, mbili za jozi hii na hakuna ya jozi ile, haifai kitu. Jozi ya 21 isipoachana, yai likabeba zote mbili, mtoto huwa na kromosomu 47, nayo ndiyo hali ya Down. Kwa hiyo andika: "Seli hugawanyika mara mbili, na kila mbegu ya kiume hupata kromosomu moja kutoka kila jozi." Kila jozi hujipanga bila kutegemea nyingine, ndipo jozi 23 zikatoa michanganyiko 8,388,608, hata kabla ya kuhesabu vipande vilivyobadilishwa.

"Hugawanyika mara mbili" ni sawa. "Idadi hupungua mara mbili" usiiandike: mmoja ataelewa nusu, mwingine ataelewa ilipungua ikapungua tena, hadi robo. Idadi hupungua kwa nusu katika mgawanyiko wa kwanza tu. Katika wa pili kromatidi ndizo huachana.

Je, migawanyiko hiyo miwili hutoa seli nne? Kwa mbegu za kiume, ndiyo. Usiandike "mayai manne", kwani upande wa kike hupatikana yai moja kubwa pamoja na vijiseli vinavyokufa.

Hata "jozi" lina mipaka yake. Migomba ya ndizi za kupika inayolimwa Kisii huwa na seti tatu za kromosomu 11, jumla 33. Kromosomu ya tatu hukosa wa kuambatana naye vizuri, mgawo huenda kombo na mbegu hazikui, ndiyo sababu mkulima hupanda machipukizi. Ukiandika kuhusu migomba hiyo, sema "seti tatu".