Mume kapotelea machimboni, shemeji anataka shamba

SWALI: Dada, mume wangu alitoka hapa Tukuyu kwenda kuchimba dhahabu Makongolosi. Mara ya mwisho alinitumia shilingi 40,000 Desemba 2022, tangu hapo hapatikani. Shemeji anasema ameshakufa, tuweke matanga na shamba la chai ligawanywe. Huyohuyo anawaambia watu kaonekana Lupa Tingatinga na mke mwingine. Jana kijana wangu wa miaka 15 kaondoka kumfuata baba yake. Kituoni nimeambiwa nisubiri saa 24. Nifanyeje? – Mama J., Rungwe

JIBU: Pole sana, mdogo wangu. Tuanze na mtoto, shamba halina miguu.

Hizo saa 24 ni mazoea ya kaunta. Hakuna sheria inayokutaka uzisubiri. Rudi leo, uliza dawati la jinsia na watoto, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Usiseme "kijana wangu katoroka", maana watakuambia atarudi njaa ikimuuma. Sema: mtoto, miaka 15, kaelekea machimboni, hana pa kulala. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, yeyote chini ya miaka 18 ni mtoto, na anayezurura bila makazi wala namna ya kujikimu ni miongoni mwa wanaohitaji ulinzi, hata kama aliondoka mwenyewe. Uchimbaji nao umetajwa kama kazi ya hatari, mtoto haruhusiwi. Beba picha ya karibuni (ya kipaimara iache ukutani) na utaje nguo alizovaa. Mwone pia ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mumeo ni mtu mzima, na mtu mzima akinyamaza sheria haimfanyi marehemu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka miaka mitano ipite bila wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake kusikia lolote: wewe, mama yake, ndugu zake. Hapo mahakama inaweza kumchukulia kuwa amekufa, na akitokea hai dhana hiyo inaanguka. Kwako ni Desemba 2027, si kabla. Ila akipatikana mtu aliyeshuhudia kifusi kikimfukia, huo ni ushahidi wa kifo, miaka haihesabiwi tena.

Sasa shemeji achague moja. Kama ndugu yake kaonekana, hakuna mirathi, na hesabu ya miaka mitano inaanza upya tangu siku aliyoonekana. Mwambie aende kwa mwenyekiti wa kijiji aseme alimwona nani, wapi, lini, iandikwe. Nadhani atakuwa na safari ya ghafla siku hiyo.

Umenieleza mengi ya shemeji, lakini hujasema kama mume mwenyewe uliwahi kumripoti polisi. Kama bado, ukienda kwa ajili ya mtoto chukua RB ya pili. Na ule ujumbe wa muamala wa 40,000 usiufute wala usibadilishe laini. Ndio unaoonyesha tarehe.