Umeme wa Feni Nao Uhesabu

Msomaji ameniuliza kama kamera ya joto inatosha kuthibitisha kwamba kihami joto cha behewa la ubaridi bado ni kizima. Haitoshi. Kamera itakuonyesha joto linakopenya, kwenye mpira wa mlango au pale bodi ilipofungwa kwenye fremu ya chuma. Lakini haitoi namba ya kupimia kihami chote, na sisi tunaopima mabehewa haya twaishi kwa namba.

Namba yenyewe ni K: wati zinazopita ukutani, gawanya kwa eneo, gawanya tena kwa tofauti ya joto kati ya ndani na nje. Mkataba wa ATP wa mwaka 1970, unaohusu usafirishaji wa vyakula vinavyoharibika kuvuka mipaka, unataka K isizidi 0.40 kwa behewa lenye kihami kizito, na 0.70 kwa la kawaida. Ajabu yake, behewa la ubaridi tunalipima kwa kulipasha moto. Hita na feni huwa ndani, nje ni chumba cha baridi: nyuzi 32.5 kwa 7.5, ili ukuta wenyewe uwe na wastani wa 20.

Sasa nije kwenye feni, maana ndizo zilizonigombanisha na mwenye behewa fulani. Hita zilikuwa zinakula wati 1,700. Eneo la nje mita za mraba 200, la ndani 162. Ukizidisha na kutafuta kipeuo cha pili unapata 180. Tofauti ya joto 25. Inatoka 0.38, chini ya ile 0.40 ya kihami kizito aliyokuwa akiitaka, amefaulu! Lakini feni nazo zilikula wati 300, na umeme wa feni iliyofungiwa ndani huishia kuwa joto. Jumlisha: 0.44. Ameanguka. Aliniita mpenda makaratasi mbele ya vijana ninaowafundisha. Akalipeleka behewa kwingine, likarudi na 0.45. Radhi sijaombwa hadi leo, na sitaficha kwamba bado inaniuma.

Kijana, hesabu kila wati iliyoingia. Usidanganywe na rangi mpya: povu la poliyurethani, ambalo ndilo kihami chenyewe ukutani, huzeeka kimyakimya, gesi iliyomo hutoka, unyevu huingia, na K hupanda. Hesabu kila wati, narudia, hata kama anayelipa anakukodolea macho.

Na usikubali kuharakishwa. Kwa saa 12 zisizopungua, wastani wa joto la ndani na la nje usicheze zaidi ya 0.3 juu au chini, na katika saa 6 zilizotangulia usicheze zaidi ya nyuzi 1 juu au chini. Wenye haraka hudhani wanajisaidia. Kumbe povu ambalo bado linapata moto linanyonya wati zake lenyewe, na ukisoma mapema K inatoka kubwa kuliko ilivyo. Behewa lisilo na kasoro linaangushwa na haraka ya mwenyewe.