Soma kwanza dawa anayoimeza

Wadogo zangu mlioanza mafunzo kwa vitendo hapa Tanga, jana kwenye raundi tulimkuta mama wa Makorora, miguu imevimba hadi ndala hazimwingii. Yuko kwenye amlodipini, dawa ya presha, miligramu 10, mwezi wa pili huu. Mmoja wenu kamwongezea furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Sikusema kitu mbele ya mgonjwa, nasema sasa. Uvimbe ule umeletwa na amlodipini yenyewe. Inatanua mishipa midogo, maji yanavujia miguuni, mwilini hayajazidi. Furosemidi itamkesha chooni bure.

1. Mwambie mgonjwa amwage mfuko wake mezani, za duka la dawa na za miti shamba pia. Kwenye faili andika jina la dawa, si la kampuni.

2. Mgonjwa aliye kwenye dawa akija na dalili mpya, ishuku dawa kwanza. Hili nami nilifundishwa darasani, nikalijibu kwenye mtihani, kisha nikalisahau nikamtesa mzee wa watu.

Alikuwa muadhini, mkazi wa Ngamiani. Nilimwanzishia enalaprili ya presha, ikashuka vizuri. Wiki ya sita akarudi: "Mwanangu, koo linanikereketa." Kikohozi kikavu, usiku ndio kinazidi. Nikampa amoksilini. Akarudi tena. Nikaandika azithromaisini, antibayotiki nyingine, na kabla ya kuiandika nilifungua kitabu nikasoma athari zake zote, za moyo na za tumbo, mstari kwa mstari. Enalaprili ilikuwa juu kwenye kadi ileile, kwa mwandiko wangu, na ukurasa wake sikuufungua. Makohozi yakapimwa mara mbili, hakuna kitu. Eksirei safi. Bado nikawaza TB, na nikalitamka neno hilo mkaza mwanawe akiwa amekaa pale.

Neno likatangulia kufika nyumbani. Kikombe chake cha kahawa kikatengwa, wajukuu wakakatazwa kulala chumbani kwake. Adhana aliiacha mwenyewe, baada ya alfajiri moja kikohozi kumkatiza katikati ya "Hayya alas-salaa". Alinieleza haya mwezi wa nne, kofia ameishika mkononi, bila neno la lawama.

Aliyeniokoa ni sista wa kliniki ya presha, akijaza daftari lake: "Dokta, huyu baba si anameza enalaprili?"

Nilisoma ukurasa ule kwa dakika moja. Kikohozi kikavu, takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Dawa inazuia bradikinini, kemikali ya mwili, isivunjwe, nayo inajikusanya kwenye njia ya hewa. Nikambadilishia losartani, dawa nyingine ya presha, na wiki ya tatu kikohozi kikawa kimekwisha. Nilimfuata nyumbani, nikamwomba radhi mbele ya mkaza mwanawe na wajukuu, kisha nikaomba kahawa, na nikaomba niinywee kwenye kikombe kilekile.

3. Ukifungua BNF, kile kitabu cha dawa cha Uingereza, usihesabu athari kama unasoma orodha ya mahudhurio. Kichefuchefu kipo karibu kila ukurasa. Tafuta inatokea kwa wangapi, huanza lini, na ikitokea unafanya nini. Athari inayoitwa ya kawaida humpata mtu 1 kati ya 100 hadi 1 kati ya 10. Iliyo adimu iko chini ya 1 kati ya 1,000. Kisha rudi kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa uone mbadala upi upo kwenye orodha yetu, maana kumwandikia mtu wa Pongwe dawa isiyopatikana famasia ni kumtoa nauli tu.

4. Simu ifungue mbele ya mgonjwa bila aibu. "Bibi, naangalia dawa yako." Sijaona bibi aliyechukia.

5. Isoniazidi, dawa ya TB, iende na vitamini B6, hasa kwa mjamzito, mwenye kisukari na anayeishi na VVU. Ganzi ya miguu inayoletwa na dawa hiyo msiisubiri ianze.

6. Mwambieni mgonjwa mapema, kwa maneno ya nyumbani: ukianza kukohoa njoo, usiache dawa kimyakimya. Wengi huacha, halafu tunawapokea wamepooza upande mmoja, na kadi zao tumeandika kwamba ni wakaidi.

7. Fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ya kuripoti athari za dawa, ijazeni hata kama hamna uhakika kwamba dawa ndiyo chanzo. Kushuku kunatosha.

Mama wa Makorora nimeisimamisha furosemidi yake na amlodipini nimeishusha hadi miligramu 5. Anarudi kliniki Jumanne. Aliyeandika ile furosemidi ndiye atakayempokea, na atavipima vifundo vya miguu kwa mkono wake mwenyewe.