Jibu: Joka la Wales kwa Kiswahili cha kale
Dada, umeuliza namna ya kuieleza picha ya joka jekundu la bendera ya Wales kwa lugha ya wazee. Usianze na moto, maana lile halitemi moto. Mimi ningelitia kwenye utenzi, mizani (yaani silabi) 8 kila mstari:

Joka jekundu la shani,
guu moja li hewani,
na mshale ulimini,
mbawa limezikunjua.

Hiyo "li" ndiyo inayobeba ukale. Leo tungesema "liko". Na "guu" si kosa: joka ni nyoka aliyekuzwa, ukiandika "mguu" unalidogosha. Kwanza niliandika "mabawa". Bibi yangu hapa Ngamiani, Tanga, akahesabu kwa vidole, akanirudisha: mizani imezidi. Mkia nao una ncha ya mshale; ubeti huo tunga wewe, utuletee.