Barua kwa mwanangu aliyehamia Isevya

Mwanangu,

Waaleikum salaam, na shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku Ujiji hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba na ameanza tena kwenda msikitini mwenyewe.

Ujumbe wako nimeusoma, nikaona haya si ya kujibu kwa simu inayokatika kila baada ya neno. Unasema mmepata nyumba ya kupanga Isevya, hapo Tabora mjini, vyumba viwili na sebule, kodi ya miezi sita mmeshalipa na mmebakiwa na laki nane. Mkwe wangu, mumeo, anataka zote ziingie kwenye sofa na TV, pungufu akope, ili ndugu zake wa Sikonge wakija kuiona nyumba wasikute sebule tupu. Wewe unaona msubiri. Halafu umeniomba nizungumze naye.

Sizungumzi naye. Nikimpigia ataitikia "ndiyo mama" kwa heshima zote, na kuanzia siku hiyo kila utakalosema nyumbani kwako atajua limetoka Ujiji. Lakini wewe ndiye uliyeniuliza, na wewe nakujibu. Kwenye mkopo uko sahihi. Kwenye sebule naye ana lake, nitalifikia.

Mikopo hii ya mitaani hawakuiita kausha damu kwa utani. Unapewa leo, marejesho yanaanza kabla hata hujakizoea ulichonunua, na dhamana ni vitu vya ndani vyenyewe. Kuna mama mmoja mtaa wa pili hapa walikuja kumbebea makochi asubuhi, watu tumejaa barazani. Wakapakia, wakafunga kamba, kisha kijana mmoja akarudi ndani kuchukua rimoti ya TV kwa sababu nayo iliandikwa kwenye fomu. Rimoti, mwanangu!

Kama atakwenda kwenye taasisi yenye leseni, huenda wakataka na wewe usaini kama mwenza. Usisaini karatasi ambayo hujaisoma mpaka mwisho, hata ofisa akikuambia ni utaratibu tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Leo mmepanga, lakini mkijaaliwa ya kwenu, hapo saini yako itakuwa na kazi. Sofa halimo kwenye kifungu hicho.

Sasa hizo laki nane. Anza na maji. Wewe umekulia ziwa likionekana ukitoka uani, ndiyo maana hukulitaja kabisa suala la maji kwenye ujumbe wako. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora watu wamepumua, si kama enzi za kutegemea mabwawa ya Igombe na Kazima peke yake, lakini bomba ni bomba, iko siku utalifungua likoromee tu. Nunua pipa la lita 200 lenye mfuniko, na madumu ya lita 20 yasiyopungua manne. Liweke kivulini na uliosheoshe, maana maji yakikaa sana bila mfuniko mbu wanazaliana humo. Mwezi wa tisa, joto likiwa limekolea na mvua bado, utanikumbuka.

Kisha kitanda. Mko kwenye nchi ya mninga, msije mkanunua kile cha maranda yaliyogandishwa kilichosafirishwa kutoka mbali, ambacho kikimwagikiwa maji kinavimba kama andazi. Nendeni kwa fundi seremala wote wawili, mchana, kukiwa na mwanga. Mwambie akipindue. Kichwani na miguuni utakuta mninga mtupu, mzuri, umepigwa msasa mpaka unateleza. Angalia chini. Hapo kwenye chaga na mbao za ubavuni ndipo wengine wanapochomeka mti mweupe na kuupaka rangi ifanane. Kwaruza kwa ufunguo mahali pasipoonekana. Weupe ukitokea, bei ishuke au muondoke. Na mninga mbichi nao unadanganya. Ni mzito, unavutia, lakini ukishakauka ndani ya nyumba maungio yanaachia na kitanda kinaanza kulia kila mtu akigeuka. Kuta za nyumba za kupanga unazijua, sina haja ya kuendelea.

Uzuri wa fundi ni kwamba ukielewana naye anakubali kulipwa kidogo kidogo bila riba. Mkwe wangu kama moyo wake hautulii bila deni, deni lenyewe liwe hilo.

Kabla kitanda hakijaingia, tafuteni mchwa. Chukua tochi ya simu, mulika pale sakafu inapokutana na ukuta, na kwenye fremu za milango, hasa upande wa chini. Ukiona mstari wa udongo unapanda, unene wa penseli hivi, uvunje. Ukikuta ndani kuna unyevu na wadudu weupe wanakimbia, usifagie. Mwite kwanza mwenye nyumba aone kwa macho yake, ndipo mzungumze dawa ananunua nani. Maboksi ya vitabu vya mumeo yasilale sakafuni hata siku moja. Yapandisheni juu ya matofali. Mchwa wa huko hawajui cheti wala Kurani.

Umeme kwa kifupi. Kwanza ulizeni kama mita ni yenu au mnachangia na mpangaji wa upande wa pili, na kama ina deni la aliyetangulia, maana deni linakatwa unaponunua na unabaki kushangaa uniti. Pili, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na toka Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, ninyi mnamlipia tu. Tunzeni meseji za manunuzi mkubaliane naye aipunguze kwenye kodi yenu ya pango ijayo. Kwa miezi sita ni elfu tisa, haitoshi kugombana na mtu, lakini mwenye nyumba akijua mnahesabu atawaheshimu. Na mkataba, kama umeandikwa jina la mumeo peke yake, muombe mwenye nyumba aurudie uwe na majina mawili. Mumeo kazi yake ni ya safari. Akija dalali mlangoni siku hayupo, usiwe mgeni nyumbani kwako.

Sasa la mkwe wangu. Watu wa Sikonge watakuja, na watakuja na mzigo: karanga, michembe ya viazi vikavu, pengine na jogoo amefungwa miguu. Watakaa siku. Mwanamume ambaye baba yake amefika kwake akasimama sebuleni akitafuta pa kukaa, anaumia, hata kama hatakuambia. Usimcheke kwa hilo na usimwambie anapenda sifa. Anachoogopa ni aibu, na aibu hiyo ni ya kweli.

Ila pa kukaa si lazima pawe sofa. Nunueni viti sita vya plastiki vyenye mikono, meza moja ndogo, na godoro jembamba la akiba kwa ajili ya chumba cha pili. Mkeka nitawaletea mimi. Mzee akikaa kwenye kiti kizuri, akapewa maji ya kunawa, akala ugali na kuku akashiba, ataondoka akisema mwanangu ana nyumba. TV ataiuliza mdogo wake, na huyo mwacheni aulize.

Ningekuwa wewe, hicho chumba cha pili ndicho ningekaa nikakizungumza na mume wangu hata kabla ya viti. Tabora ina Chuo cha Utumishi wa Umma, ina vyuo vya ualimu na vya afya, na ndugu wote wanajua sasa mna chumba kitupu mjini. Atakuja wa kwake au wa kwetu, ana begi na barua ya kujiunga, na usiku huo huwezi kumkatalia. Kubalianeni sasa, wakati hakuna mtu mlangoni: nani anapokelewa, kwa muda gani, anachangia nini, na anayetoa jibu ni mwenye ndugu huyo, si mkwe. Mambo ya kwao ayaseme yeye, ya kwetu uyaseme wewe. Hata dada yangu akitaka kumleta binti yake huko, nimemwambia akupigie wewe, asipitie kwangu.

Ulinidokezea pia kwamba anakunja pua ukipika kwa mawese. Mwanangu, hilo dogo. Kwao mboga inaungwa karanga, kwetu mawese, na hakuna aliyekosea. Samaki wake wa mgebuka mkaange kwa mafuta ya kawaida, maharage yako weka mawese yako. Sufuria ya mawese iwe na mwiko wake, maana ile rangi haitoki, na hicho ndicho kitakachomuudhi zaidi kuliko harufu. Ugali wa muhogo mpikie mara moja moja ukiuchanganya na unga wa mahindi. Baba yako nilimfundisha kupenda mlenda kwa njia hiyo hiyo na mpaka leo anadhani ni yeye aliyeuchagua.

Sofa lenyewe silikatai. Fungueni kibubu, au ingia mchezo na wenzako wa kazini, zamu yako ikifika nendeni mkachague. Mtakuwa mmeshaishi humo, mnajua jua linapiga upande gani na mlango unafungukia wapi. Wengi wananunua seti ya saba kwa sebule ya watu watatu, kisha wanapita ubavu ubavu kwenda jikoni.

Mwambie Jumamosi, akishakula, na shemeji yako asiwepo. Anza na viti vya wazazi wake, mweleze ulivyopanga wapokelewe, halafu ndipo mfike kwenye mkopo. Asikuone unamkatalia kabla hujamsikia.

Nipimie urefu na upana wa sebule unitumie, ili nimwambie msukaji kabla hajaanza, maana mikeka aliyonayo dukani yote ni mifupi. Na mwulize mkwe wangu dumu la lita tano la asali ya Sikonge siku hizi ni bei gani. Baba yako ananisumbua, na ya hapa sokoni haiamini.

Mama yako